East of West: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kauboi aitwaye Mauti

Tangu katuni ya Absolute Batman ianze kutoka mwishoni mwa mwaka 2024, wasomaji wapya wa katuni wamekuwa wakiuliza mchoraji wake, Nick Dragotta, alikuwa wapi siku zote. Jibu ni kwamba alikuwa amezama kwenye katuni nyingine, East of West, kwa zaidi ya miaka sita. Yafuatayo ni maswali yanayojirudia kila East of West inapotajwa. Mwisho wa hadithi sijaufichua, ila mambo ya juzuu za mwanzo nayataja, maana bila hayo hakuna cha kueleza.

East of West ni nini hasa?

Ni hadithi moja ndefu ya katuni iliyochapishwa Marekani na Image Comics, kuanzia Machi 2013 hadi Desemba 2019, matoleo 45 kwa jumla. Imeandikwa na Jonathan Hickman, ikachorwa na Nick Dragotta, ikatiwa rangi na Frank Martin, na maneno yake yakapangwa na Rus Wooton. Wanne hao walianza pamoja na wakamaliza pamoja, jambo ambalo kwa katuni za Marekani si la kawaida.

Mambo yanatokea mwaka 2064, katika Marekani ambayo haikuwahi kuwa nchi moja. Kuna jangwa, kofia pana, makoti marefu, baa ambamo mtu akiingia wote wananyamaza. Humohumo kuna maghorofa yanayopotelea mawinguni, majeshi ya mashine, na farasi wasiokula majani wala kunywa maji.

Kisa chenyewe kinaelezeka haraka. Wale wapanda farasi wanne wa kitabu cha Ufunuo wamerudi duniani kuimaliza. Watatu kati yao, yaani Vita, Njaa na Ushindi, wamezaliwa upya wakiwa na miili ya watoto. Wa nne hayupo. Mauti amejitenga nao, kwa sababu zamani alipenda mwanamke, wakaoana, wakapata mtoto wa kiume. Wakubwa wa dunia ile wakaivunja nyumba yake. Mke akachukuliwa, mtoto akapotezwa, na Mauti akaaminishwa kwamba wote wamekufa. Sasa amerudi na bastola kiunoni, na ana majina ya watu anaowataka.

Wapo wanaoisoma kama hadithi ya siasa, na wapo wanaoisoma kama hadithi ya dini. Kwangu ni hadithi ya baba anayemtafuta mwanawe. Ukilishika hilo, mengine yote yanayokuchanganya yatakaa mahali pake.

Kwa hiyo stelingi ni Mauti mwenyewe?

Ndiye. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua kanuni kwamba stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, ataanguka mtoni, tutamkuta kwenye sehemu ya pili akiwa na plasta. Hickman ameichukua kanuni hiyo akaifikisha mwisho wake, kwamba kama stelingi hafi basi na awe Mauti kabisa. Matokeo yake huhangaiki kama atapona kwenye mapigano. Unahangaikia atakachopoteza. Mtu asiyeweza kufa bado anaweza kunyang'anywa mtoto, anaweza kudanganywa, anaweza kufika akiwa amechelewa.

Sura yake nayo imefikiriwa. Ufunuo 6:8 inasema farasi wa rangi ya kijivujivu, na aliyempanda jina lake ni Mauti. Dragotta amemwacha Mauti bila rangi toka kichwani hadi miguuni: ngozi nyeupe, nywele nyeupe, kofia nyeupe, nguo nyeupe. Kwenye kurasa zilizojaa wekundu wa jangwa au samawati ya taa za mjini, yeye anaonekana kama sehemu ya karatasi iliyosahauliwa kupakwa rangi. Humpotezi hata kwenye vurugu ya watu mia.

Anatembea na wawili, Wolf na Crow, mwanamume na mwanamke wanaoweza kujigeuza mbwa mwitu na kunguru. Ni marafiki zake zaidi ya kuwa wasaidizi, na mara nyingi wao ndio wanaomwambia ukweli asioutaka.

Historia ya humu inaachana wapi na historia ya kweli?

Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Kwa kweli vita hivyo vilianza 1861 na kwisha 1865, majimbo ya Kusini yakashindwa. Katika East of West havikuisha. Red Cloud, ambaye katika historia ya kweli alikuwa kiongozi wa Lakota wa Oglala, aliunganisha makabila ya Wenyeji wa Amerika yakawa taifa moja na kuingia vitani kama upande wa tatu. Pande tatu zikapigana kizazi baada ya kizazi hadi mwaka 1908, kimondo kilipoanguka kutoka angani. Hapo ndipo silaha zikawekwa chini, na mahali kilipoangukia pakaitwa Armistice.

Hickman hakumwokota Red Cloud kwa bahati nasibu. Red Cloud wa kweli aliongoza vita dhidi ya jeshi la Marekani kati ya 1866 na 1868 kuhusu njia ya Bozeman, na serikali ikalazimika kuziacha ngome zake kwenye njia hiyo kwa mkataba wa Fort Laramie wa 1868. Ni mmoja wa viongozi wachache wa Wenyeji waliowahi kuifanya serikali hiyo itie saini ya kurudi nyuma. Hickman ameuliza swali moja tu: je, kama asingebaki peke yake?

Tatizo ni unabii. Mhubiri wa Kusini aliyeasi jeshi, Elijah Longstreet, alitamka sehemu moja ya ujumbe wa siku za mwisho. Red Cloud akatamka nyingine. Sehemu ya tatu ilikuja mwaka 1958 kutoka kwa Mao Zedong, yule kiongozi wa kikomunisti wa China, ambaye humu yuko uhamishoni Amerika. Vipande vitatu vikaunganishwa, vikaitwa Ujumbe, na wakapatikana watu wa kuuamini.

Mataifa saba ni yapi, na je, ni lazima niyakariri?

Usikariri. Ramani imo ndani ya vitabu, na utaizoea kama unavyozoea mitaa ya mji mgeni. Kuna Muungano kaskazini mashariki, ulioishiwa fedha na unaotawala raia waliochoka. Kuna Shirikisho la Kusini. Kuna Jamhuri ya Texas, na hili si jambo la kubuni tupu, kwani Texas ilikuwa jamhuri huru kweli kuanzia 1836 hadi 1845. Kuna Jamhuri ya Watu wa Amerika kwenye pwani ya magharibi, ya uzao wa Mao, yenye mji wa New Shanghai. Kuna Taifa Lisilo na Mwisho, la Wenyeji wa Amerika. Kuna Ufalme wa New Orleans. Na katikati kuna Armistice, ambayo si ya yeyote.

Mawili kati ya haya yanastahili maneno zaidi. Ufalme wa New Orleans ulianzishwa na watu walioachwa huru kutoka utumwani, ukatajirika, na sasa ndiko waliko wakopeshaji ambao mataifa mengine huenda kuwaangukia. Mfalme ana watoto wengi wa kiume na wote wanaitwa John Freeman, wakitofautishwa kwa namba. Unacheka, kisha unaona ukatili wake: kila mmoja anajua yeye ni wa ngapi, na yupo mmoja tu atakayekalia kiti.

Lingine ni Taifa Lisilo na Mwisho. Filamu za kauboi za zamani zilimchora Mwenyeji wa Amerika akiwa juu ya kilima na mshale, akingoja kupigwa risasi. Humu wao ndio waliopiga hatua kubwa kuliko wote kwa teknolojia. Mashine zao zinatisha, na wakiamua kwenda vitani majirani hawalali.

Pwani ya magharibi nayo ina deni la kweli nyuma yake. Reli iliyounganisha mashariki na magharibi ya Marekani mwaka 1869 ilijengwa upande wa California na maelfu ya vibarua wa Kichina, na mwaka 1882 ikapitishwa sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini. Kwenye filamu za kauboi waliishia kuwa wapishi na wafua nguo. Hickman amewapa nchi nzima, jeshi na malkia.

Wateule ni kina nani?

Ni kikundi cha wakubwa kutoka katika mataifa hayo wanaoamini Ujumbe na wanaosaidiana kuutimiza, maana yake wanausukuma ulimwengu ufe. Mwendelezo mzima wa siasa za kitabu unatokana na hawa kukaa meza moja huku kila mmoja akimchimbia mwenzake shimo.

Wa kumwangalia ni Andrew Archibald Chamberlain wa Shirikisho. Ni mzee wa maneno matamu, suti safi, tabasamu la mtu aliyeshahesabu pesa zako kabla hujaingia ndani. Kila akitokea, ukurasa unachangamka. Antonia LeVay, rais wa Muungano, ni aina nyingine. Alikuwa mbali kwenye foleni ya urais hadi waliokuwa mbele yake walipouawa, na anatawala kama mtu anayejua vizuri kiti chake kilipatikanaje. Ezra Orion ndiye mlinzi wa Ujumbe. Bel Solomon ni gavana wa Texas, na kati yao wote ndiye unayeweza kumhurumia kidogo.

Hawa nao wanawindwa na mzee wa Texas anayeitwa Ranger, anayezunguka na mbwa wa chuma. Kisa chake kingetosha kuwa kitabu peke yake.

Sayansi iko wapi? Mimi naona wachawi na mizimu tu.

Ipo, ila haivai koti jeupe la maabara. Anza na farasi wa Mauti: mnyama wa mashine, mweupe kama bwana wake, anayeweza kufyatua moto kutoka kichwani. Nenda kwa Xiaolian, mke wa Mauti, ambaye mikono yake yote miwili ni ya chuma kwa sababu ile ya kuzaliwa nayo ilikatwa. Dragotta anaichora mikono hiyo kwa subira, vidole kimoja kimoja, na huhitaji kusimuliwa mama huyu amepitia nini.

Ila mfano mkubwa ni mtoto. Jina lake ni Babylon, na Wateule walimficha tangu utotoni wamlee awe yule Mnyama wa unabii. Hakulelewa na mtu. Amelelewa na mashine inayoitwa Balloon, kitu cha duara kinachomfuata kila anapokwenda, kinachozungumza kwa upole wa yaya na kumfundisha. Uso wa mtoto umefunikwa, hivyo anachokiona ni kile ambacho Balloon imeamua akione. Msomaji anaonyeshwa pande zote mbili, ulimwengu kama ulivyo na ulimwengu kama mtoto anavyoonyeshwa, na kati ya hizo mbili kuna uongo unaosemwa kwa sauti ya upendo. Mtoto anauliza maswali mazuri. Mashine ina jibu kwa kila swali. Na jambo linalouma ni kwamba kadiri siku zinavyopita, Balloon inaonekana kumpenda kweli kwa namna yake.

Mizimu na ndumba vimo pia, sikatai. Mwandishi amechanganya vitu hivyo bila kuomba radhi. Ukitaka sayansi iliyoelezwa kwa hesabu, hapa si mahali pake.

Je, inakashifu dini?

Swali hili huulizwa sana, na ni haki kuulizwa, kwa kuwa wengi wetu Ufunuo tumeusikia kanisani kabla ya kuuona kwenye katuni. Jibu langu ni hapana, ila inauma. Ujumbe wa humu si Biblia. Ni unabii wa kutungwa, uliotamkwa na watu watatu wasiofahamiana. Kinachochunguzwa ni wale wanaoushika: watu wenye majeshi na hazina ambao wameamini kwamba mwisho umeandikwa, na kwa kuwa umeandikwa basi lolote wanalofanya limesamehewa mapema. Anayeujua ulimwengu wetu amewahi kuwaona watu wa namna hiyo.

Hata hivyo picha ni kali. Wapanda farasi wale watatu ni watoto kwa umbo, na wanaua huku wakitaniana. Kama hilo litakukosesha usingizi, kiache kitabu.

Inafaa kwa watoto?

Hapana. Ni ya watu wazima. Damu ni nyingi na matusi yapo.

Nimesoma toleo la kwanza na sikuelewa kitu. Nifanye nini?

Soma la pili. Hickman ana tabia ya kukuingiza kwenye chumba ambacho mazungumzo yameshaanza. Majina kumi yanatupwa, mataifa yanatajwa, mtu anauawa na hujui alikuwa nani. Kwenye juzuu ya kwanza, iitwayo The Promise, fuata mambo matatu tu: Mauti anamtafuta nani, wale watoto watatu wanamtafuta nani, na Xiaolian yuko wapi. Siasa utazidaka baadaye, na nyingi zinarudiwa.

Kuna toleo maalumu la mwaka 2014 liitwalo The World, lenye ramani, tarehe na maelezo ya kila taifa. Wapo wanaoshauri uanze nalo. Mimi nasema lisome palepale lilipopangwa, karibu na juzuu ya nne. Ukilisoma mapema ni kama kupewa kamusi kabla ya kusikia lugha ikizungumzwa.

Mbona kurasa nyingi hazina maneno kabisa?

Kwa sababu Hickman anamwamini mchoraji wake, na ana sababu. Mwaka 2011 walifanya pamoja toleo la 588 la katuni ya Fantastic Four huko kampuni ya Marvel, baada ya kifo cha Johnny Storm, mmoja wa mashujaa wake wanne, ambalo hadithi yake kuu inakwenda bila mazungumzo: familia inaomboleza, na ni sura na mikono tu vinavyosema. East of West ilianza miaka miwili baadaye na imeirithi imani hiyo.

Angalia toleo la kwanza linavyofunguka. Jangwa, mawe yaliyosimama, na kutoka ardhini wanachomoza watoto watatu. Kabla ya yeyote kueleza lolote, umeshaona kwamba walipaswa kuwa wanne. Mwandishi mwingine angekuwekea maandishi ya kueleza juu ya kisanduku. Hapa nafasi iliyo tupu inatosha.

Kwenye mapigano Dragotta ana mkono wa watu wa manga, yaani katuni za Kijapani: mistari ya kasi, visanduku virefu, mwili unaokatiza ukurasa mzima. Halafu anakuja mtu amesimama tu, upepo unapeperusha koti, na anapewa kurasa mbili. Waliozizoea filamu za kauboi za Kiitaliano za miaka ya 1960 wataujua mwendo huo: kusubiri kurefu, kisha jambo linakwisha kwa kufumba na kufumbua.

Frank Martin naye asisahauliwe. Kila nchi ina rangi yake, na baada ya juzuu mbili utajua uko wapi kwa kuangalia mbingu tu, kabla hujasoma jina la mji.

Je, hii ndiyo katuni ya kwanza kuchanganya kauboi na sayansi?

Wala. Marekani kulikuwa na Space Western Comics ya kampuni ya Charlton tangu 1952, ambamo mchunga ng'ombe aitwaye Spurs Jackson anapambana na viumbe wa sayari nyingine. Haikudumu hata miaka miwili. Ilikuwa burudani nyepesi, na mtu akiisoma leo ni kwa kucheka.

Mwenye uzito zaidi ni Jonah Hex wa kampuni ya DC, yule mwindaji wa wahalifu mwenye uso ulioungua upande mmoja. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1972 kwenye All-Star Western namba 10, akiwa ametungwa na John Albano na kuchorwa na Tony DeZuniga, Mfilipino. Mwaka 1985 DC ikamchukua huyo kauboi wa karne ya 19 ikamtupa mwaka 2050, dunia ikiwa imeshachakazwa na vita vya nyuklia. Hadithi hiyo iliitwa Hex, ikaenda matoleo 18, ikafungwa. Wazo lilikuwa zuri. Ila kumng'oa Hex jangwani mwake kulimwacha akiwa mgeni bila cha kufanya zaidi ya kushangaa magari. East of West haikumhamisha kauboi. Ilihamisha historia nzima, yeye akabaki nyumbani.

Upande wa Ulaya, wasomaji wa Bukavu, Bujumbura au Kigali waliokua na katuni za Kifaransa wanamjua Blueberry, iliyoanza 1963. Mchoraji wake, Jean Giraud, alikuwa akisaini Blueberry kwa ufupisho wa Gir na hadithi zake za kisayansi kwa jina la Moebius. Kauboi mkono huu, sayari za mbali mkono ule. Na Japani kuna Trigun ya Yasuhiro Nightow, ya mwaka 1995, yenye mpiga bastola asiyetaka kuua kwenye sayari ya jangwa.

Watu weusi wako wapi kwenye hadithi za kauboi? Au humu wamewekwa kwa ajili ya kuonekana tu?

Mjadala huu unakuwa mzito kwa sababu filamu zilitudanganya. Wachunga ng'ombe weusi walikuwa wengi katika Magharibi ya kweli, na wanahistoria wengi hukadiria kwamba walifika mmoja kati ya kila wanne. Bass Reeves alizaliwa mtumwa mwaka 1838, na mwaka 1875 akawa ofisa wa kukamata wahalifu katika ardhi ya Wenyeji, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 30. Mtu kama huyo hakuhitaji kubuniwa.

Kwenye East of West watu weusi hawako pembeni. Wana ufalme, wana fedha, wana tamaa na hila zao. John Freeman hakuwekwa awe mtu mwema wa kutoa mawaidha. Anadanganya kama wengine, na hilo nalipenda. Lalamiko langu ni kwamba Ufalme unapewa kurasa chache kuliko unavyostahili. Tunaingia ikulu, tunaona ndugu wakitazamana kwa jicho la husuda, halafu tunaondolewa kwenda kumsikiliza Chamberlain tena.

Una kasoro nyingine za kusema?

Ninazo. Katikati ya hadithi, kuanzia kama toleo la 20, vikao vinakuwa vingi mno. Wakubwa wanakutana, wanatishana, wanaondoka, wanakutana tena. Waliokuwa wakiisoma inapotoka waliumia zaidi, maana pengo kati ya toleo na toleo lilikuwa linaongezeka. Wewe unayeisoma leo kwa mkupuo utapita hapo haraka.

Wolf na Crow pia. Taifa lao limepewa mashine za kutisha, lakini wao wawili wamebaki na kazi ileile ya Mwenyeji mwenye nguvu za mizimu anayemsindikiza shujaa. Wamepewa utu na historia, sawa, lakini mtindo wenyewe ni wa zamani.

Na wanawake? Xiaolian ni mhusika kamili, mkali, mwenye maamuzi yake, wala hangojei mume aje kumwokoa. Ningetaka yeye na Mauti wapewe muda mrefu zaidi wakiwa pamoja. Hickman ni fundi wa kuwatenganisha watu kuliko kuwakutanisha.

Kuna filamu au tamthilia yake?

Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba Amazon inaandaa tamthilia. Tamthilia hiyo haijaonekana. Usingoje, soma.

Nianze na vitabu gani, na nitavipata kwa lugha gani?

Matoleo yote yamekusanywa katika juzuu 10 za jalada laini, na pia katika vitabu vitatu vikubwa vya jalada gumu vinavyoitwa The Apocalypse, Mwaka wa Kwanza hadi wa Tatu. Ukiweza, chukua vile vikubwa, kwa sababu ukurasa wake ni mpana na michoro hii inataka nafasi. Kama mfuko haujakaa vizuri, juzuu ya kwanza ina matoleo matano na inatosha kukuambia kama hadithi inakufaa. Usiruke hadi katikati. Hii si katuni ya kudaka popote.

Kwa kusoma kidijitali ipo kwenye Kindle. Simu ndogo itakunyima nusu ya utamu, hasa kurasa mbili zinapoungana kuwa picha moja; tafuta tableti au kompyuta, hata ya kuazima. Lugha ya asili ni Kiingereza. Kifaransa kipo, kimetolewa na Urban Comics, na kwa msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura huenda hicho ndicho chepesi zaidi. Kwa Kiswahili haijatafsiriwa.

Nikimaliza nisome nini?

Inategemea ulichokipenda. Kama ni Hickman na mipango yake mirefu, tafuta The Manhattan Projects, aliyoianza Image mwaka 2012, ambamo wanasayansi wa bomu la atomiki ni vichaa kuliko unavyodhani. Kama ni bastola na jangwa la sayari nyingine, kuna Copperhead ya Jay Faerber na Scott Godlewski, yenye sherifu mwanamke anayehamia mji wa machimbo na mtoto wake. Kama uliyempenda ni Mauti, basi Pretty Deadly ya Kelly Sue DeConnick na Emma Ríos ilianza mwaka uleule wa 2013 na ina Mauti wake, mwenye binti. Hiyo si hadithi ya sayansi, na inasomeka polepole zaidi. Na kama ni mkono wa Dragotta na rangi za Martin, rudi kwenye Absolute Batman. Wamo wote wawili.